Gurudumu la Mbele

Niliingia swala, nikatoka sina Swala.
Cheka tu. Barabara ya Tisa nzima ilishacheka,
hata imamu alitazama kando, akikaza kilemba.

Ilikuwa ya kijani, kengele yake imepasuka,
ikilia kama kikombe cha bati kilichoanguka.
Nilikuwa nimeifunga. Andika hilo.
Nilikuwa nimeifunga kwa kufuli la shaba,
gurudumu la mbele na nguzo ya umeme,
nikavuta mara mbili kama anayejaribu jino.

Nilipotoka, nguzo ilikuwepo.
Kufuli lilikuwepo.
Gurudumu la mbele lilikuwepo, limesimama wima
kama mtoto aliyeambiwa nisubiri hapa.
Kufuli halikunisaliti.
Nililikabidhi gurudumu, likatunza gurudumu.
Kuhusu mengine sikulisemesha.

Mimi ni fundi saa. Najua skrubu ndogo kuliko ufuta
inavyoweza kusimamisha saa ya ukutani.
Ilikuwaje nisijue kwamba nati mbili
na spana namba kumi na tano ya mtu mwenye haraka
ndizo zinazomtenga mwenye baiskeli na mwenye gurudumu?

Mwanaidi akasema, "Angalau wamekuachia pa kuanzia."
Hakucheka aliposema. Alikwenda kuchekea jikoni.

Baada ya miezi saba nikapata nyingine,
nyekundu, ya mkononi,
na dukani kwa Jivraj nikanunua mnyororo
wa kumfungia fahali.
"Huu," akasema, "mwizi akiuona atatafuta kazi."
Nikaupitisha gurudumu la nyuma, fremu, gurudumu la mbele,
nguzo, kisha fremu tena.
Tandiko nalo nikalichomoa, nikatembea nalo kwapani kama mkate.
Kufunga dakika nne. Kufungua dakika tano.
Njiani mnyororo ulikuwa abiria mnene asiyelipa nauli.
Ufunguo niliuvaa shingoni
mpaka ukanichora kifuani duara la kijani.

Kisha chumvi. Hewa ya Tanga ina meno.
Alhamisi moja, nje ya soko la Mgandini,
ufunguo uliingia, ukageuka nusu, ukakatika.

Nikaazima msumeno wa chuma kwa Semhando,
nikapiga magoti saa sita mchana, nikakata.
Dakika ishirini na tano, kwa saa yangu,
na saa yangu haikosei.
Watu wakapita.
Pole na kazi. Ahsante.
Shikamoo. Marahaba.
Mmoja akatua kapu lake la muhogo
akanishikia mnyororo usicheze.
Askari akanishauri nigeuze meno ya msumeno.
Hakuna aliyeuliza baiskeli ni ya nani.

Ila mtoto mmoja wa shule, sketi imemfupikia,
barafu ya ubuyu ikimchuruzika mpaka kiwikoni:
"Ni yako?"
"Yangu."
"Ina alama gani?"
Nikasema nyekundu. Akasema nyekundu anaiona.
Nikafuta jasho, nikafikiri.
Pingili za mnyororo nilizijua, thelathini na nane.
Namba ya kufuli niliijua kwa moyo.
Baiskeli yenyewe sikuwahi kuitazama.
Akalamba kiwiko, akabaki palepale,
mpaka Semhando alipofuata msumeno wake
akaniapia.

Usiku niliigeuza uani, magurudumu juu,
nikaimulika kwa kurunzi ya kazini.
Chini ya fremu, penye kutu, mtu alikwaruza kwa msumari
herufi tatu.
Hakuna hata moja iliyo yangu.

Gurudumu la kijani bado nimelitundika ukutani.
Upepo ulilisukuma kidogo,
tik, tik,
likasimama.

"Mwanaidi, hii tuliinunua kwa nani vile?"
"Yule kijana wa Makorora," akajibu kutoka ndani.
"Yule aliyekuwa na haraka."